Ushupavu wa Baridini Hupikwa Tanurini

Kuna hesabu moja ambayo nikiwasimulia mafundi wenzangu hudhani nimeruka hatua. Unachukua bamba la alumini, unakata vipande viwili, na kila kimoja unakitia ufa kwa makusudi. Cha kwanza unakivuta mpaka kikatike kikiwa na joto la kawaida la chumbani. Cha pili unakivuta kikiwa kimepozwa mpaka karibu na baridi ya mafuta ya roketi. Kisha unagawanya: ushupavu wa baridini kwa ushupavu wa chumbani. Jibu likiwa moja au zaidi, bamba linaendelea na safari. Likiwa chini ya moja, bamba halifai, hata kama nguvu zake zinatisha na bei yake inauma.

Namba hiyo ndiyo iliyowasumbua wahandisi wa tangi jipya la Space Shuttle katika miaka ya 1990. Nimekuwa nikiifuatilia kwa muda mrefu kuliko inavyostahili mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni shafti, gia na vyuma vya kawaida. Lakini ukishaelewa kwa nini namba ile iliwekwa, na kwa nini ilikataa kutii, unaanza kuliangalia tanuri lolote kwa jicho tofauti.

Kwanza tuelewane. Nikisema ushupavu simaanishi nguvu, wala simaanishi ugumu. Nguvu ni mzigo ambao metali inaubeba kabla haijaanza kurefuka bila kurudi ilivyokuwa. Ugumu ni jinsi inavyokataa kukwaruzwa na kubonyezwa. Ushupavu ni uwezo wa kuendelea kubeba mzigo huku ndani mna ufa, bila ufa huo kukimbia. Kioo kina ugumu mwingi na ushupavu karibu na hakuna. Mara nyingi ukiongeza kimoja unapunguza kingine, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Tangi lenyewe wengi mnalijua kwa picha: lile pipa kubwa la rangi ya chungwa lililokaa tumboni mwa Shuttle, urefu karibu mita 47, kipenyo mita 8.4. Juu kulikuwa na oksijeni kimiminika, nyuzi 183 chini ya sifuri. Chini kulikuwa na haidrojeni kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri, ambayo ni nyuzi 20 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Rangi ya chungwa ilikuwa ya povu la kuzuia joto. Matangi mawili ya kwanza, ya mwaka 1981, yalipakwa rangi nyeupe juu ya povu hilo. Kisha wakaacha kupaka ili kuokoa kilo zipatazo 270. Watu wakishaanza kuhesabu uzito wa rangi, ujue zamu ya metali yenyewe inakaribia.

Na ilifika. Mwaka 1993 Marekani na Urusi zilikubaliana kujenga kituo kimoja cha anga, na ili roketi za Urusi za kutoka Baikonur zikifikie, mzingo wake, yaani njia yake ya kuizunguka Dunia, ukainamishwa nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Ukirusha kutoka Florida kuelekea mzingo ulioinama hivyo, mzunguko wa Dunia unakusaidia kidogo kuliko ukirusha moja kwa moja kuelekea mashariki. Shuttle ikapoteza tani kadhaa za uwezo wa kubeba, na mahali pa kuzirudishia hapakuwa pengi. Tangi lilikuwa jibu la wazi, kwa sababu lilibebwa karibu mpaka kwenye mzingo kabla ya kuachiwa lianguke. Kila kilo unayoitoa kwenye tangi ni karibu kilo nzima unayoiongeza kwenye mizigo. Hutapata faida ya namna hiyo kwenye maroketi ya pembeni, ambayo yanaachiwa mapema.

Matangi ya awali yalikuwa ya aloi 2219, yaani alumini yenye shaba zaidi kidogo ya asilimia 6. Ni aloi ya heshima. Inalehemeka vizuri, haina maringo, na ukiipoza inazidi kuwa na nguvu na ushupavu kwa pamoja. Mbadala wake ukawa aloi 2195, ya ukoo uliobuniwa na Martin Marietta katika miaka ya 1980: shaba karibu asilimia 4, lithiamu asilimia 1, na vijiasi vidogo vya magnesiamu, zirkoni na fedha. Ndiyo, fedha, ile ile ya mikufu, chini ya nusu asilimia. NASA ilikuwa ikisema 2195 ina nguvu asilimia 30 zaidi ya 2219 na wepesi asilimia 5 zaidi. Tangi lililotokana nayo lilipungua uzito karibu kilo 3,400. Liliruka mara ya kwanza tarehe 2 Juni 1998, Discovery, mojawapo ya Shuttle, ilipokwenda kituo cha anga cha Urusi, Mir.

Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote. Inaelea juu ya maji, na hata juu ya mafuta. Kila asilimia moja ya lithiamu unayoiingiza katika alumini inapunguza uzito wa aloi kwa karibu asilimia 3 na kuongeza ukakamavu wake, yaani jinsi inavyokataa kupinda, kwa karibu asilimia 6. Hakuna kiungo kingine cha alumini kinachofanya yote mawili kwa kiwango hicho. Lakini lithiamu ina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aloi ya alumini yenye lithiamu, 2020, ilitumika katika mabawa ya ndege ya kivita Vigilante, na ikaja kuondolewa sokoni kwa sababu ya ushupavu wake mdogo. Kwa hiyo wahandisi wa tangi hawakuwa wanachezea kitu kigeni. Walijua mwenzao ana tabia gani.

Hapa inabidi nieleze kwa nini baridi ni mtihani. Nikiwa mwanafunzi, tulifanya jaribio la Charpy, lile la nyundo inayoning'inia kama pendulumu na kupiga kipande kidogo chenye mkato katikati. Tulizamisha vipande katika naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Sheria ya jaribio ni kwamba ukishakitoa kipande una sekunde tano tu za kukipiga, kwa hiyo mmoja alishika koleo na mwingine akashika kamba ya nyundo, na mwalimu wa maabara akahesabu kwa sauti kama anayeanzisha mbio. Kipande cha chuma laini cha ujenzi kilikatika kwa mlio mkavu, uso wake ukimeta punje punje. Kile cha alumini kiligoma, kikapinda. Nilitegemea kinyume chake. Kichwani mwangu chuma ndicho kilikuwa baba wa uimara, na alumini ni ya masufuria.

Sababu iko katika mpangilio wa atomi. Ndani ya fuwele ya chuma cha kawaida, atomi zimepangwa kwa namna ambayo kuteleza kwa tabaka moja juu ya jingine kunahitaji msaada wa joto. Joto likipungua, kuteleza kunakuwa kugumu haraka, mpaka inafika mahali ambapo ni rahisi zaidi metali kupasuka kuliko kunyumbuka. Meli ya mafuta ya Marekani, Schenectady, ilipasuka karibu nusu kwa nusu mnamo Januari 1943 ikiwa imetulia gatini huko Portland, Oregon, kwenye maji shwari, usiku wa baridi ambao mtu angeuvumilia kwa koti zuri. Alumini imepangwa vingine. Tabaka zake zina njia nyingi za kuteleza, na njia hizo hazifungwi na baridi. Haina ule ukingo ambao ukiuvuka unaanguka. Ndiyo maana wajenzi wa matangi ya baridi kali wanapenda alumini, na chuma cha pua cha aina inayotumika kwenye sinki za jikoni, ambacho atomi zake zimepangwa kama za alumini.

Basi kama alumini haiogopi baridi, tatizo la 2195 lilitoka wapi? Lilitoka tanurini.

Alumini tupu ni laini mno. Nguvu zake zinatengenezwa kwa joto, na siri hiyo ilijitokeza mwaka 1906 karibu na Berlin, pale Alfred Wilm alipopoza ghafla aloi ya alumini yenye shaba na magnesiamu, akaipima, kisha akaipima tena siku mbili baadaye na kukuta imepata nguvu ikiwa imekaa tu mezani. Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla Guinier na Preston, kila mmoja kivyake, mwaka 1938, hawajaonyesha kwa mionzi ya eksi kilichokuwa kikitokea: atomi za shaba zilikuwa zinatoka mafichoni na kujikusanya vikundi vikundi ndani ya fuwele.

Vikundi hivyo ndivyo vinavyotia nguvu. Ukitaka kusogeza mkeka mpana sakafuni huuvuti wote kwa mara moja. Unaukunja kidogo ukingoni, kisha unausukuma ule mkunjo mpaka upande wa pili, na mkeka unakuwa umesogea. Tabaka za atomi zinasogea hivyo hivyo, kwa mikunjo inayosafiri. Ukitawanya vizuizi vidogo vidogo njiani, mikunjo inakwama na metali inakuwa na nguvu. Katika 2195 kizuizi kikuu ni visahani vya alumini, shaba na lithiamu ambavyo wataalamu huviita T1: bapa, vyembamba ajabu, unene wa kama nanomita moja. Vinapopatikana kwa wingi na kutawanyika sawasawa, ni vizuizi bora kuliko karibu vyote vinavyojulikana katika alumini.

Njia ya kuvipata ina hatua chache. Bamba linapashwa mpaka zaidi ya nyuzi 500, karibu na kuyeyuka lakini bila kuyeyuka, ili shaba na lithiamu zizame zote ndani ya alumini. Linatumbukizwa majini ghafla, ili zisipate nafasi ya kutoka. Linavutwa kwa mashine kubwa mpaka linarefuka kwa asilimia chache. Mvuto huu una kazi mbili: unanyoosha bamba lililopindishwa na maji, na unajaza fuwele mikunjo mingi ambayo visahani vya T1 vitaitumia kama mahali pa kuota. Mwisho, bamba linarudishwa tanurini kwa joto la wastani, kwenye nyuzi 140 na kitu, na kuachwa humo kwa saa nyingi. Hatua hii naiita kukomaza. Joto lake halifikii hata la kuoka mkate, lakini ndilo linaloamua kila kitu.

Nirudi sasa kwenye ile namba, maana bado sijasema kwa nini iliwekwa moja na si tisa ya kumi.

Kila tangi kabla ya kuondoka kiwandani Michoud, New Orleans, lilijaribiwa kwa shinikizo lililopita lile la kazi. Jaribio kama hilo linathibitisha jambo ambalo hakuna kifaa cha kukagua kinachoweza kulithibitisha chenyewe: kwamba popote palipo na ufa ambao haukuonekana, ufa huo ni mdogo kuliko ule ambao ungelipasua tangi. Kama ungekuwa mkubwa, tangi lingepasuka pale pale kiwandani, na hilo ndilo lengo. Ila kulijaza tangi la ukubwa ule haidrojeni kimiminika ndani ya kiwanda, kwa kila tangi, ni gharama na hatari ambazo hakuna anayezitaka. Kwa hiyo jaribio lilifanyika kwa joto la kawaida.

Sasa angalia hoja ilivyokaa. Unalijaribu tangi likiwa na joto, halafu unalitumia likiwa baridi. Ushahidi wa kiwandani utakuwa na maana tu kama metali ikiwa baridi ni shupavu angalau sawa na ikiwa na joto. Ushupavu ukipungua baridini, basi ufa uliovumiliwa kiwandani unaweza kukimbia kwenye mnara wa kurushia, na jaribio lako lote limekuwa mapambo. Kwa 2219 hoja hii ilikaa bila kusukumwa. Kwa 2195 ilibidi ithibitishwe bamba kwa bamba, na mabamba mengine yalianguka. Mchanganyiko ule ule, kiwanda kile kile, karatasi zinazofanana, lakini moja linapita na jingine linakataliwa.

Napenda hoja hii kuliko kitu kingine chochote katika habari ya tangi. Watu wakizungumzia anga huzungumzia metali za miujiza. Mimi naona kilichokuwa kinabeba wanaanga ni sentensi ya mantiki, na metali ilikuwa inatakiwa tu isiisaliti.

Kosa lilikutwa katika mipaka. Bamba limejengwa kwa chembe, yaani fuwele ndogo zilizoshikana; ndani ya kila chembe kuna vijichembe, na kati ya kijichembe na kijichembe kuna mpaka ambapo atomi hazijakaa vizuri. T1 hupenda kuota katika mipaka hiyo, kwa sababu huko ni rahisi kuanza. Vikiota huko kwa wingi vinakua vinene, vinanyonya shaba na lithiamu ya jirani, na kuuacha mpaka ukiwa kama mshono uliotobolewa. Bamba likiwa na joto, ndani ya kijichembe bado kuna unyumbufu wa kutosha kupunguza mzigo unaofika kwenye mshono. Likipozwa, ndani ya kijichembe kunaongezeka nguvu, kunakataa kunyumbuka mapema, na mzigo wote unapelekwa mpakani. Ufa unafuata mipaka. Ndiyo maana bamba lenye nguvu nyingi baridini linaweza kuwa na ushupavu pungufu bila kupingana na chochote nilichosema kuhusu alumini.

Dawa ambayo wahandisi wa kituo cha Marshall, huko Huntsville, Alabama, waliifanyia kazi haikugusa mchanganyiko hata kidogo. Waligusa mwendo wa tanuri. Badala ya kulipeleka bamba moja kwa moja kwenye joto la kukomazia na kuliacha hapo, walianza na joto la chini zaidi, kisha wakapanda kwa hatua. Kwenye joto la chini, atomi za shaba hazina mwendo wa kusafiri mbali mpaka mpakani, na hamu yao ya kutoka ndani ya alumini ni kubwa zaidi, kwa hiyo visahani vinaota papo hapo, ndani ya kijichembe, kwenye ile mikunjo iliyopandwa na mashine ya kuvuta. Vikishaota kwa wingi huko, shaba na lithiamu ya kulisha mipaka inakuwa imetumika. Ndipo unapandisha joto ili vikue na kufikisha nguvu inayotakiwa. Nguvu inabaki karibu ile ile. Ushupavu wa baridini unapanda.

Tofauti ya joto tunayoizungumzia ni ya nyuzi chache. Katika karakana nyingi nilizopita, tofauti kama hiyo kati ya kona moja ya tanuri na nyingine hakuna anayejisumbua kuipima. Gharama ya njia hii ni muda, kwa sababu joto la chini linakomaza polepole, na tanuri lililoshikwa na mzigo mmoja haliingizi mwingine. Meneja wa uzalishaji ataipinga. Ningekuwa pale ningemwambia alinganishe saa hizo na bei ya bamba lililotupwa.

Kuna nadharia nyingine niliyoisoma ambayo sikubaliani nayo kikamilifu lakini inanifurahisha. Inasema alumini yenye lithiamu hubeba mabaki kidogo ya sodiamu na potasiamu, ambayo yakikaa pamoja yanakuwa kimiminika kwenye joto la chumbani. Vitone hivyo kwenye mipaka huidhoofisha aloi tukiwa tunaipima mezani, na vikiganda baridini aloi inapata nafuu. Kama ni kweli, basi sehemu ya sifa za baridi ni lawama za joto tu. Wengine wanaeleza nafuu hiyo kwa jinsi bamba nene linavyopasuka kuwa tabaka nyembamba, kila tabaka likinyumbuka kwa uhuru wake. Nadhani yote mawili yana nafasi.

Titani nitaipita haraka. Inatumika baridini pia, kwa mfano katika magurudumu ya pampu za haidrojeni za injini za Shuttle, lakini huko vita vyake si vya tanuri bali ni vya usafi: oksijeni iliyojificha ndani ya titani lazima iwe kidogo mno, la sivyo inakatika kama kigae. Na kwenye tangi la oksijeni kimiminika titani haikaribishwi kabisa, kwa sababu ikigongwa humo inaweza kuwaka.

Kuhusu alumini na lithiamu, hadithi ilikuwa na sura moja zaidi. Novemba 2010 Discovery iliahirishwa kwa sababu ya kuvuja kwa haidrojeni, na wakati tangi linaondolewa mafuta wakaona povu limepasuka kwenye sehemu inayounganisha tangi la oksijeni na la haidrojeni. Walipolibandua wakakuta mbavu za metali chini yake zina nyufa. Sehemu hiyo ina mbavu 108, za aloi nyingine ya lithiamu, 2090, na ncha zake zimefungwa kwenye ukingo wa tangi la oksijeni. Oksijeni ikiingia, ukingo unasinyaa na kuzivuta ncha za mbavu ndani. Uchunguzi ulikuta mbavu zilizopasuka zilitoka katika mafungu ya malighafi yenye ushupavu pungufu kuliko kawaida, na kwamba zilikuwa zimefungwa zikiwa tayari na mkazo wa kuunganishwa. Mafungu hayo yalikuwa yametimiza vipimo vya kupokelea. Waliziongezea mbavu nyingine vipande vidogo vya alumini juu ya ncha zake ili kugawa mzigo, na chombo kikaruka tarehe 24 Februari 2011.

Roketi ya SLS, ile ya NASA ya safari za Mwezini, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 16 Novemba 2022, nayo inabeba haidrojeni na oksijeni kimiminika katika matangi yenye kipenyo kile kile cha mita 8.4, yaliyotengenezwa Michoud hapo hapo. Aloi yake ni 2219, ile nzito ya mwaka 1981. Sioni aibu yoyote katika hilo. Ningepewa kalamu mimi, na uzito ungeruhusu, ningeandika namba hiyo hiyo.